Mbona daktari wako ananunia kompyuta?

Huenda umewahi kuketi kwenye benchi la hospitali huko Kapkatet, Litein au Longisa, ukamwona muuguzi akiikodolea macho kompyuta huku kidole chake kimoja kikitafuta herufi baada ya herufi, mithili ya kuku anayedonoa mtama. Foleni imefika mlangoni. Mtu mmoja ananong'ona kwamba enzi za kadi mambo yalikuwa mepesi. Mwingine anajibu kwamba wauguzi wa siku hizi ni wavivu tu. Baada ya dakika tano muuguzi anaguna, anasukuma kibodi kando, na kulifungua daftari.

Wiki hii nataka tuuzungumzie huo mguno. Utaniuliza, je, hilo ni jambo la afya au la mafundi? Nakwambia ni la afya, kwa maana yanayotokea kati ya mhudumu na hiyo mashine yanaweza kuamua ni dawa gani utakayopewa dirishani. Na kabla sijawasema wenzangu, heri nianze na mimi mwenyewe.

Tembe tatu za malaria

Mwaka 2016 nilikuwa nikifanya kazi katika hospitali moja ya eneo hili la majani chai. Sitaitaja, kwani kosa lilikuwa langu. Hospitali hiyo ilikuwa imeweka kompyuta katika vyumba vya madaktari mwaka mmoja kabla. Mimi sikuipenda. Nilikuwa nikiona wagonjwa hamsini kwa siku, mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kalamu, na niliona kwamba nimebebeshwa kazi ya karani. Basi niliiacha imezimwa, nikaandika kwenye karatasi kama nilivyozoea, na jioni karani akaja kuchukua karatasi zangu akazinakili yeye.

Alasiri moja akaingia mama mmoja mchumaji chai, umri wake hamsini na kitu. Alilalamika kwamba mkojo unamchoma. Mimi si mzaliwa wa huku na Kikipsigis changu ni cha salamu tu, kwa hiyo baada ya "chamgei" tulihamia Kiswahili, ambacho yeye alikisema kwa shida. Nikamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akasema hapana. Nikaandika Septrin, akaenda zake.

Siku ya tatu alirudishwa akiwa amebebwa. Midomo ilikuwa imevimba na kujaa malengelenge, macho mekundu hayafunguki, na ngozi ya kifuani inabambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji moto. Maradhi hayo huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioyaeleza mwaka 1922. Ni mzio, yaani mwili unaikataa dawa na katika kuikataa unajichoma wenyewe. Dawa za kundi la salfa ni miongoni mwa zinazoyaleta mara nyingi, na Septrin ni mojawapo. Mama huyo alilazwa wiki tatu. Alipona, lakini jicho lake la kushoto halijaona vizuri tangu siku ile.

Siku aliyolazwa, sista mmoja wa zamu aliniita kando. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaribia kustaafu, na sisi vijana tulikuwa tukimcheka kwa jinsi alivyochapa kwa kidole kimoja.

"Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, "mbona ilikuwa humo?"

Akaiwasha kompyuta yangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wa mama yule ulikuwa na maandishi mekundu: asipewe dawa za salfa. Sista aliyaandika miezi minane kabla, siku mama alipokuja kupimwa presha.

Nilimwuliza alijuaje, ilhali mimi nilimwuliza mama huyo akakana. Sista akasema hakumwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Walizungumza kwa lugha yao, akamwuliza kama amewahi kumeza dawa mwili ukaharibika. Ndipo mama akamsimulia kwamba zamani, akiishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, alipewa tembe tatu za malaria azimeze kwa pamoja, akakaa juma zima na vidonda mdomoni. Sista alielewa mara moja. Tembe tatu kwa mkupuo ni Fansidar, iliyokuwa dawa kuu ya malaria nchini Kenya tangu 1998 hadi serikali ilipoamua kuibadilisha mwaka 2004. Fansidar nayo ina salfa. Mama hakunidanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia jina la kile kilichomdhuru.

Kwa hiyo mtu aliyechapa polepole kuliko sote ndiye aliyeitumia mashine ile ipasavyo, na mimi niliyekuwa na shahada na mkono mwepesi nikaiacha imelala. Tangu hapo sijawacheka wanaochapa kwa kidole kimoja. Lakini pia sijakuwa mhubiri wa kompyuta, na sababu nitazieleza.

Mizani na mashine ya kuchuma

Watu wa Kericho na Bomet wanazijua mashine za aina mbili. Ya kwanza ni mizani ya elektroniki kwenye kituo cha kununulia majani. Zamani karani alitazama mshale wa mizani, akataja kilo, akaandika kitabuni, na mkulima akarudi nyumbani akihisi kwamba nusu kilo imepotelea kwenye kalamu. Mizani ya siku hizi inatoa risiti. Mkulima ana malalamiko mengi bado, ya bonasi hasa, lakini ile risiti anaitia mfukoni.

Ya pili ni mashine ya kuchuma chai katika mashamba makubwa. Hiyo haimpi mchumaji risiti yoyote, inamwondoa. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kiligoma juu yake mwaka 2010, na Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto hapa Kericho.

Kompyuta inapoletwa zahanati, muuguzi anaitazama na kujiuliza moyoni: hii ni mizani au ni mashine ya kuchuma? Itanipa kitu, au itanichukulia? Kwa maoni yangu, nusu ya kununa kunakosemwa kuwa ni ushamba au uzee ni swali hilo ambalo hakuna aliyejisumbua kulijibu. Huletwa sanduku, huja kijana wa kufundisha siku mbili, chai na mandazi hunywewa, picha hupigwa, na kesho yake muuguzi yuko peke yake na foleni.

Kazi moja mara tatu

Hebu niwaeleze siku ya muuguzi wa zahanati ndogo. Mtoto analetwa na homa. Anaandikwa katika kijitabu chake cha kliniki. Anaandikwa tena katika daftari kubwa la wagonjwa wa nje. Akipewa chanjo kuna daftari jingine. Akipimwa malaria, daftari la maabara. Mwisho wa mwezi muuguzi huyo huyo anakaa usiku akihesabu mistari ili ajaze fomu 705A ya watoto walio chini ya miaka mitano, 705B ya wakubwa, 711 ya huduma za mama na mtoto na mengineyo, na kadhalika. Tangu mwaka 2011 hesabu hizo huingizwa katika mtandao wa kitaifa uitwao DHIS2, na Kenya ilisifiwa kwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuueneza nchi nzima.

Sasa mletee kompyuta. Ikiwa kompyuta inaondoa madaftari, atakushukuru. Lakini mara nyingi anaambiwa ajaze kompyuta na aendelee na madaftari pia, "hadi tuzoee". Tufanye hesabu. Dakika tatu zaidi kwa kila mgonjwa, kwa wagonjwa sitini, ni dakika 180. Ni saa tatu nzima, na siku haikuongezwa hata saa moja. Mtu akikataa mzigo huo simwiti mvivu.

Kisha kuna jambo linalouma zaidi, nalo ni kwamba habari hupanda lakini hazishuki. Kericho yenyewe ina mfano mkubwa wa jambo hili, ingawa wenyeji wengi hawaujui. Hospitali ya mashamba ya chai ilihifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa malaria tangu miaka ya sitini. Mwaka 2000 Dennis Shanks na wenzake walichapisha uchunguzi uliofuatilia malaria miongoni mwa watu wa shamba moja la chai tangu 1965. Mwaka 2002 kumbukumbu za hapa zikawa sehemu ya makala katika jarida la Nature, na wanasayansi wa Uingereza na Marekani wakabishana kwa miaka: je, malaria iliongezeka milimani kwa sababu hali ya hewa imekuwa joto, au kwa sababu vijidudu viliacha kuisikia dawa ya klorokwini? Mwaka 2006 kundi jingine likapitia upya vipimo vya joto vya nyanda hizi na kusema joto limepanda kweli.

Ubishi huo wote ulitegemea mistari iliyoandikwa kwa kalamu na wauguzi na makarani wa wodi hapa kwetu, usiku, mvua ikipiga bati. Sijui kama yupo hata mmoja wao aliyerudi kuonyeshwa jinsi mistari yake ilivyotumika. Ndivyo ilivyo hata leo kwa anayejaza mtandao. Akiuliza, "Basi watoto wa kijiji changu wanaugua nini zaidi kuliko mwaka jana?" mara nyingi hapati jibu, ingawa jibu ameliandika yeye mwenyewe.

Waliyoyaona Mosoriot

Nilisomea udaktari Eldoret. Kilomita chache kutoka hapo, katika kituo cha afya cha Mosoriot upande wa Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, waliweka kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa mwaka 2001. Kilikuwa kituo cha kawaida cha mashambani, na kwa wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa. Waliwapima wahudumu kwa saa kabla na baada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003.

Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Ukisoma hapo utapiga makofi. Lakini soma na mengine: muda wa mgonjwa kuwa pamoja na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58, wahudumu wenyewe walizungumza wao kwa wao kwa muda mdogo zaidi, pungufu ya thuluthi mbili, na muda wa shughuli zao binafsi ukaongezeka.

Mimi huzirudia takwimu hizo kila nisikiapo mtu akisema kompyuta ni nzuri au ni mbaya. Mashine iliokoa muda, naam. Lakini muda uliookolewa haukumwendea mgonjwa. Na yule mama wa tembe tatu aliokolewa, au angeokolewa, na mazungumzo marefu kati ya sista na yeye, yaliyowekwa mahali ambapo mtu mwingine angeyaona. Ukiondoa mazungumzo, kompyuta inabaki sanduku la kuhifadhi majibu ya haraka haraka kama lile nililopewa mimi.

Wenzetu wa nchi tajiri nao wanaguna. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2016 uliwafuata madaktari na kuona kwamba kwa kila saa moja waliyokaa na mgonjwa, karibu saa mbili ziliishia kwenye kompyuta na makaratasi. Basi tusidhani kwamba ni ulimbukeni wetu.

Upo mfano wa mashine iliyolipa deni, na umetoka huko huko Eldoret. Katika kliniki za wagonjwa wa HIV, kompyuta ilichapisha karatasi fupi kwa kila mgonjwa, na chini yake ikamkumbusha daktari kwamba kipimo cha chembe za CD4 kimechelewa. Katika kliniki iliyopata vikumbusho, wahudumu waliagiza kipimo hicho kwa asilimia 53 ya waliochelewa. Katika kliniki isiyopata, asilimia 38. Hayo yalichapishwa mwaka 2011. Tazama kwamba daktari hakulazimishwa kuchapa chochote mbele ya mgonjwa. Alipewa karatasi inayomsaidia kazi yake. Hiyo ni risiti ya mizani.

Programu iliyotokana na kazi hiyo, OpenMRS, ndiyo iliyozaa KenyaEMR ambayo serikali ilianza kuisambaza mwaka 2012, kwanza katika kliniki za HIV. Ndiyo maana hata leo katika hospitali nyingi utakuta chumba cha HIV kina kumbukumbu nzuri kuliko chumba cha presha na kisukari. Fedha za wafadhili ziliingia mlango huo. Hatari yake tuliiona Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada ghafla na wafanyakazi wengi waliolipwa na miradi, makarani wa takwimu wakiwamo, wakaambiwa wabaki nyumbani. Muuguzi aliyekuwa ameanza kuizoea mashine akajikuta yeye ndiye karani pia.

Chebet yupi?

Kuna kero nyingine ambayo aliyeunda programu akiwa mbali hawezi kuiona, nayo ni majina yetu. Kipsigis humpa mtoto jina kwa saa na hali aliyozaliwa: Chebet kazaliwa mchana, Chepkoech alfajiri, Cherotich ng'ombe wakirudi. Mchana ni mrefu, kwa hiyo kina Chebet ni wengi. Sasa andika "Chebet Langat" kwenye kompyuta ya hospitali kubwa, uone orodha itakayoshuka.

Tena kuna Langat na kuna Lang'at. Kwa binadamu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta, ule mkato mdogo unaweza kumfanya mwingine. Rono na Ronoh, Bet na Bett, Ngeno na Ng'eno. Mgonjwa akiandikwa kwa namna mbili ana mafaili mawili, na ule wino mwekundu wa salfa unabaki katika faili lisilofunguliwa. Muuguzi mzoefu analijua hili, ndiyo maana anapekua daftari ambako anautambua mwandiko wake mwenyewe. Anayemwona akifanya hivyo humwita mkaidi.

Hofu ya kuchunguzwa

Niseme pia lile ambalo wenzangu hawalisemi hadharani. Kompyuta huandika saa. Inajua uliingia saa ngapi, ulimwona mgonjwa kwa dakika ngapi, nani aliandika dawa gani. Katika hospitali ambapo kosa likitokea kinachotafutwa kwanza ni mtu wa kumfukuza, mashine kama hiyo inaonekana kama askari aliyeketishwa mezani. Wapo wanaoikwepa kwa sababu hiyo, na miongoni mwao wapo wenye sababu mbaya, kwa mfano wanaotoka mapema au wenye kuchezea dawa za stoo. Hao hawana haki ya kulindwa. Ila walio wengi wanaogopa tu kuadhibiwa kwa kasi yao ya kuchapa.

Hofu hiyo huzaa tabia ya hatari: kuazimana neno la siri. Sista mmoja anaingia asubuhi, na wodi nzima inaandika kwa jina lake hadi usiku. Dawa ikikosewa, jina ni lake. Na siri za wagonjwa zinakuwa wazi kwa yeyote apitaye. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zinataka habari zako za afya zilindwe, lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila meza. Katika mji mdogo ambako karani wa hospitali ni shemeji wa jirani yako, hofu ya mgonjwa si ya bure.

Stima nayo sitaisahau. Tenwek, kule Bomet, wana mtambo wao wa umeme kwenye maporomoko ya mto Nyangores, lakini zahanati ya kawaida haina mto wake. Stima ikipotea katikati ya kliniki, kila kitu kinarudi kwenye karatasi, na jioni karatasi hizo zinangoja mtu wa kuziingiza.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, hali imekuwa nzito zaidi, kwani sasa mtandao ukikwama si kumbukumbu tu inayokwama bali na malipo. Malalamiko ya miezi ile ya kwanza yalisikika nchi nzima. Alama za vidole nazo zina balaa lake huku kwetu. Vidole vya mtu aliyechuma chai miaka thelathini vimeparara na kupasuka, na mashine inaweza kuvikataa. Mgonjwa anapangusa kidole kwenye nguo, anajaribu tena, anaona haya. Anayelaumiwa ni aliye mbele yake, yaani muuguzi, ambaye hakuiunda mashine wala hakuinunua.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo kwenye kitambulisho, na uitumie kila mahali. Ukiulizwa jina kwenye mapokezi taja na nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, hata usipoulizwa.

Pili, usikubali kupewa dawa isiyo na jina. Mwombe anayekupa aliandike. Ikiwa dawa imewahi kukutoa vipele, kukuvimbisha uso au kukutia vidonda mdomoni, jina hilo liwe katika daftari dogo unalotembea nalo, na umwambie kila mhudumu bila kungoja swali. Ikiwa hukumbuki jina, simulia: ilikuwa ya ugonjwa gani, ya rangi gani, ulimeza ngapi kwa mara moja. Kumbuka zile tembe tatu. Na ukiwa na mzazi asiyesema Kiswahili vizuri, usimpeleke na kumwacha mlangoni. Ingia naye umsemee, au omba mhudumu anayejua lugha yake.

Tatu, muulize daktari swali hili, na usiogope kwamba ni utovu wa adabu: "Daktari, umeona yaliyoandikwa humo juu yangu?" Mimi nisingelichukia swali hilo siku ile. Pengine ningeliguna, lakini ningeiwasha.

Anapochapa, mwache amalize sentensi yake kabla ya kuanza jambo jingine. Makosa mengi huingia hapo. Lakini ukiona anazungumza na kioo dakika kumi bila kukutazama, una haki ya kumwambia kwa upole kwamba ungependa akutazame.

Na dalili hizi ukiziona baada ya kuanza dawa yoyote, hata ikiwa ni wiki ya pili au ya tatu: homa, macho yanayochoma, vidonda vya mdomo au sehemu za siri, vipele vinavyouma vinavyogeuka malengelenge. Acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na pakiti yake mkononi. Usingoje asubuhi, wala usipake mafuta ukidhani ni upele wa jua.

Sista alistaafu, yuko kwake upande wa Sotik akifuga ng'ombe watatu wa maziwa. Mama wa tembe tatu bado anakuja kwangu kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya presha. Mara ya mwisho alipokuja stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri na kioo changu kilikuwa cheusi. Nilikuwa naanza kumwomba radhi alipofungua mkoba na kutoa daftari lenye jalada lililoraruka. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa na mwandiko ninaoujua, palikuwa na neno moja: SALFA. Akaniwekea mezani, akaligeuza lielekee upande wangu, akangoja nisome.

Wiki ijayo: majibu ya barua zenu kuhusu kikohozi cha watoto wakati wa baridi.